JAMES JOULE: MTU ALIYELIPIMA JOTO KWA MIZIGO INAYOANGUKA

Katika kurasa hizi leo tunamkumbuka mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Huenda wengi mlitarajia mshairi au mfalme. Leo hapana. Leo nawaletea mtu ambaye jina lake tunaliandika karibu kila wiki katika madaftari yetu ya fizikia, tena kwa herufi moja tu, J. Tukishaiandika, tunapiga mstari chini ya jibu na kukimbilia chakula bila hata kujiuliza mwenyewe alikuwa nani. Huyo ni James Prescott Joule wa Uingereza.

Najua kuna watakaoguna na kuuliza fizikia imefuata nini katika jarida la Kiswahili. Subirini kidogo, jamani. Elimu haina lugha yake peke yake, na jambo likielezwa kwa lugha unayoiota usiku hukaa kichwani zaidi. Isitoshe, maisha ya bwana huyu yana funzo hata kwa yule asiyetaka kuona mlingano mbele ya macho yake.

Kabla hatujamfuata Joule huko kwao, tukumbushane jambo moja. Vitu tunavyopima katika fizikia ni vya aina mbili. Kuna vekta, yaani vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo, mfano kani, ile nguvu ya kuvuta au kusukuma. Halafu kuna skala, yaani vipimo vyenye ukubwa peke yake. Halijoto ni skala. Tungamo, muda na nishati vilevile ni skala. Hakuna mtu anayekwenda kliniki akaambiwa ana homa ya digrii 39 kuelekea kaskazini!

Tofauti hiyo si maneno matupu ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Chukua kani ya nyutoni 3 na nyingine ya nyutoni 4. Ukiambiwa uzijumlishe, huwezi kujibu mpaka ujue zinaelekea wapi. Zikienda upande mmoja, jumla ni 7. Zikipingana, inabaki 1. Zikiwa katika pembe mraba, jibu ni 5. Lakini ukipewa nishati ya jouli 3 na nishati ya jouli 4, jumla ni 7, basi. Ni kama shilingi mfukoni. Shilingi haiulizi ilitoka mfuko wa kulia ama wa kushoto.

Sasa swali ni hili. Ni nani aliyetuhakikishia kwamba joto la maji, mwendo wa jiwe linaloanguka na stima ya betri ni fedha za sarafu moja, zinazoweza kuandikwa katika hesabu moja na kujumlishwa? Wako wengi waliochangia, lakini aliyekaa chini akapima mpaka dunia ikakosa la kusema ni huyu Joule. Na alipoanza, dunia haikutaka hata kumsikiliza.

James Joule alizaliwa tarehe 24 Desemba mwaka wa 1818 mjini Salford, mji ulio ubavuni mwa Manchester. Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa tajiri mwenye kiwanda cha pombe. Mtoto huyu hakujaliwa mwili wenye nguvu. Uti wa mgongo wake ulikuwa dhaifu, naye alikuwa mwenye haya nyingi, mtu wa kukaa kimya pembeni. Kwa hivyo hakupelekwa shule kama watoto wengine, bali alifundishwa nyumbani.

Hata hivyo Mungu hamnyimi mja wake vyote. Mwaka wa 1834 James na kaka yake walipelekwa kusomeshwa na John Dalton, yule yule wa nadharia ya atomi tunayemsoma katika kemia. Wakati huo Dalton alikuwa mzee, akiishi kwa kufundisha katika Chama cha Fasihi na Falsafa cha Manchester. Vijana walitarajia kuingizwa moja kwa moja katika maajabu ya kemia. Badala yake mzee aliwashika na hesabu na jometri kwa muda mrefu. Mwaka wa 1837 Dalton alipatwa na kiharusi na masomo yakakatika. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Kwa mzee huyo James alijifunza kwamba anayetaka kuyajua maumbile hana budi kuyapima kwa mikono yake mwenyewe.

Joule hakuwahi kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, wala hakuwahi kuwa profesa. Alikuwa kijana wa kiwandani. Lakini kiwanda cha pombe si mahali pa kudharauliwa kwa mtu wa sayansi. Huko kuna mapipa, pampu, injini za mvuke na makaa ya mawe, na juu ya yote kuna kipimajoto. Mpishi wa pombe asiyejua kusoma halijoto vizuri humwaga mtungi mzima. Joule alizoea kusoma vipimo vidogo sana ambavyo maprofesa wengi hawakuvizoea.

Siku hizo mota za umeme zilikuwa kitu kipya, na watu walikuwa wakiota kwamba zitafukuza injini za mvuke zote. Joule naye, akiwa bado hajatimiza miaka ishirini, alijiuliza swali la mfanyabiashara. Je, mota ya betri itanipunguzia gharama? Alijenga mota zake, akapima kazi zilizofanya, akalinganisha zinki iliyoliwa ndani ya betri na makaa ya mawe yaliyochomwa na injini. Jibu lilimkata maini. Kazi iliyopatikana kwa ratili 1 ya zinki haikufika hata robo ya kazi iliyofanywa na ratili 1 ya makaa ya mawe katika injini nzuri. Tena zinki ilikuwa ghali.

Mwingine angekata tamaa akarudi kuuza pombe. Kumbe hapo ndipo safari ilipoanza. Katika kupimapima kwake Joule aliona kwamba waya unaopitisha umeme hupata joto, akatafuta kanuni yake. Mwaka wa 1840 aliipata. Ukiongeza mkondo wa umeme mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Ukiuongeza mara tatu, joto linakuwa mara tisa. Hiyo ndiyo kanuni tunayoiandika leo hivi:

Joto = I² × R × t

Hebu utazame vizuri mlingano huo. Mkondo ukigeuzwa uende kinyume, I inakuwa hasi. Lakini hasi ukiizidisha kwa hasi unapata chanya. Waya hautapoa kwa kuwa umegeuza betri, utapata joto lilelile. Mwelekeo umepotea ndani ya kipeo cha pili, na kilichobaki ni ukubwa mtupu. Joto ni skala.

Joule aliupeleka ugunduzi huo kwa Royal Society ya London, baraza kuu la wasomi wa sayansi wa Uingereza. Baraza lilichapisha muhtasari mfupi tu, na makala yenyewe ikabidi ichapishwe katika jarida jingine mwaka uliofuata. Joule alikuwa na miaka 22, tena mtengeneza pombe wa mkoani.

Basi tuingie katika kiini cha kisa. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba joto ni kitu, aina ya majimaji yasiyoonekana wala kuwa na uzito, waliyoyaita kaloriki. Waliamini kaloriki hutiririka kutoka kitu cha moto kwenda kitu cha baridi, na kwamba haiwezi kutengenezwa wala kuharibiwa. Ukisugua viganja vyako asubuhi ya baridi vikapata moto, wangekuambia umeikamua tu kaloriki iliyokuwa imejificha humo. Ni kweli walikuwapo waliotia shaka. Mwaka wa 1798 Rumford alieleza jinsi vyuma vya mizinga vilivyotoa joto bila kikomo vilipokuwa vikitobolewa huko Munich. Mwaka wa 1842 daktari Mjerumani, Julius Robert Mayer, alitangaza kwamba joto na kazi hubadilishana kwa kiwango maalumu. Haki yake apewe, maana alitangulia kuichapisha fikira hiyo. Lakini mambo ya dunia hayaishi kwa fikira peke yake. Palihitajika mtu wa kupima, apime kwa njia hii, apime kwa njia ile, mpaka mbishi achoke.

Joule alijifunga kibwebwe. Mwaka wa 1843 alizungusha koili ya waya katikati ya sumaku, akapima kazi iliyotumika kuizungusha na joto lililotokea katika waya. Aliona kwamba joto hilo halikutoka popote, lilitengenezwa na kazi. Akaenda Cork, Ireland, kuusomea matokeo yake mkutano wa Chama cha Waingereza cha Kuendeleza Sayansi. Aliposema, watu walinyamaza. Hawakumpinga wala hawakumuunga mkono. Kimya hicho, wenzangu, kinauma kuliko matusi, kwa sababu anayekutukana angalau amekusikia.

Hakurudi nyuma. Alisukuma maji katika matundu membamba, akapima. Alishindilia hewa ndani ya chombo, akapima. Makala yake juu ya hewa iliyoshindiliwa nayo ilikataliwa na Royal Society. Akaipeleka kwingine ikachapishwa mwaka wa 1845. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ndipo akakifikia kile chombo kilichompa jina lake duniani. Nitakieleza taratibu ili hata aliye kidato cha kwanza akione.

Chukua chombo cha shaba kilichojaa maji, kifunike. Katikati ya maji simamisha mhimili wenye makasia, mfano wa mwiko wenye mabapa mengi. Kwenye kuta za ndani za chombo weka vizuizi ili maji yasizunguke pamoja na makasia bali yasuguane. Kichwa cha mhimili kinatoka juu, na kimezungushiwa kamba mbili. Kamba moja inakwenda kulia, nyingine inakwenda kushoto, kila moja inapita juu ya kapi na kuning'iniza mzigo wa madini ya risasi. Ukiiachilia mizigo, inashuka, kamba zinavuta, makasia yanazunguka, maji yanavurugika. Mizigo ikifika chini unaipandisha tena na kuiachilia tena.

Sasa mwanafunzi mwerevu atauliza. Kamba moja inavuta kulia na nyingine inavuta kushoto kwa nguvu sawa. Si zinafutana? Ndiyo, zikihesabiwa kama kani zinafutana, na ndiyo maana mhimili hausogei kwenda upande wowote, unazunguka tu pale pale. Jumla ya vekta hizo mbili ni sifuri. Lakini kazi zinazofanywa na kamba hizo hazifutani hata kidogo. Kazi ya mzigo wa kulia na kazi ya mzigo wa kushoto zinajumlishwa, zinakuwa mara mbili. Kani ni vekta, kazi ni skala. Katika chombo kimoja Joule alikuwa na mambo yote mawili mbele ya macho yake. Mwanafunzi akikielewa chombo hiki, hatahitaji kukariri tofauti ya skala na vekta mpaka mwisho wa maisha yake.

Hebu tufanye hesabu kwa namba zinazokaribia zile za majaribio yake makubwa yaliyochapishwa mwaka wa 1850. Kila mzigo ulikuwa na tungamo la kilo 13 hivi, kwa hiyo miwili ni kilo 26. Ilishuka kiasi cha mita 1.6, nayo iliangushwa mara 20. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa nyutoni 10 kwa kila kilo, basi:

Kazi = 26 × 10 × 1.6 × 20 = jouli 8,320

Maji yalikuwa kilo 6 hivi. Baada ya kuangusha mizigo mara 20, halijoto yake ilipanda kiasi cha digrii 0.3 tu za Selsiasi. Tukitumia kiwango tunachokitumia darasani, jouli 4,200 kwa kila kilo kwa kila digrii:

Joto = 6 × 4,200 × 0.3 = jouli 7,560

Tazama jinsi namba hizo zilivyo majirani! Sehemu ya kilichobaki iliingia katika shaba ya chombo na makasia yake, nyingine ilipotea pale mizigo ilipoigonga sakafu, na sisi nasi tumezungusha namba ili hesabu iwe nyepesi. Joule mwenyewe hakuzungusha kitu. Alihesabu joto la shaba, alihesabu mwendo wa mizigo ilipofika chini, alihesabu msuguano wa kapi, hata joto lililoingia au kutoka kwa sababu ya hewa ya chumba. Alifanyia kazi yake katika chumba kikubwa cha chini ya ardhi ambacho halijoto yake haikubadilika ovyo.

Digrii 0.3, wenzangu! Mtu akivuta pumzi karibu na kipimajoto anaweza kuiharibu hesabu. Hapo ndipo ule ujuzi wa kiwandani ulipomfaa. Fundi stadi wa Manchester, John Benjamin Dancer, alimtengenezea vipimajoto vya hali ya juu, naye Joule alikuwa na jicho la kusoma sehemu ndogo mno za digrii. Wasomi wengine walipoambiwa kwamba mtu anadai kupima vipande vidogo kiasi hicho vya digrii, walimwona anajigamba. Yeye alirudia jaribio la maji mara 40, kisha akafanya na zebaki, kisha akasuguanisha chuma kwa chuma. Namba zote zilimwita mahali pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Namba aliyoitangaza mwaka wa 1850 ilikuwa 772. Maana yake ni kwamba kazi ya kuinua ratili 772 kimo cha futi 1 inatosha kupandisha halijoto ya ratili 1 ya maji kwa digrii 1 ya Fahrenheit. Tukiigeuza katika vipimo vyetu, ni kama jouli 4,150 kwa kilo kwa digrii ya Selsiasi. Vipimo vya leo vinasema karibu 4,190. Mtu huyu wa kamba na kapi alikosea kwa chini ya asilimia moja!

Lakini tumetangulia mbele ya hadithi. Turudi mwaka wa 1847. Mwaka huo, mwezi wa Juni, chama kile cha kuendeleza sayansi kilikutana Oxford. Joule alifika na taarifa ya makasia yake. Mwenyekiti, akiona shughuli ni nyingi, alimtaka asisome makala nzima bali aeleze kwa ufupi tu. Ilielekea kimya cha Cork kingerudi. Lakini katika ukumbi alikuwapo kijana mmoja, William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Lord Kelvin. Alikuwa na miaka 23 hivi na tayari profesa wa Glasgow. Joule alikumbuka baadaye kwamba ni maswali ya kijana huyo yaliyoamsha ukumbi. Thomson hakukubali mara moja, maana mwenyewe alikuwa amelelewa na fikira za kaloriki. Lakini alisikiliza, akaenda nazo nyumbani, zikamkosesha usingizi kwa miaka kadhaa mpaka akasadiki. Mmoja alikuwa msomi wa vyuo, mwingine mtu wa kiwanda, nao wakawa marafiki. Kuanzia mwaka wa 1852 walishirikiana kufanya majaribio juu ya gesi zinazopoa zinapotanuka, jambo ambalo mpaka leo linabeba majina yao mawili.

Kuna kisa ambacho Thomson alipenda kukisimulia. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo wa 1847 Joule alifunga ndoa na Amelia Grimes, wakaenda fungate katika milima ya Alps. Thomson naye alikuwa huko akitembea kwa miguu. Lahaula! Njiani karibu na Chamonix anakutana na nani? Joule, bwana arusi, na kwa kadiri ya masimulizi ya Thomson mkononi kashika kipimajoto kirefu, huku mkewe akifuata kwa gari la farasi. Alitaka kupima kama maji ya maporomoko yana joto zaidi chini kuliko juu. Walijaribu kweli katika maporomoko ya Sallanches, lakini maji yalitawanyika kuwa rasharasha tupu na kipimo hakikupatikana.

Msicheke bado, maana hesabu yake ilikuwa sahihi. Kila kilo ya maji inayoanguka mita 1 hupata jouli 10 hivi. Chukua maporomoko ya Nyahururu, ambayo wengi bado huyaita Thomson's Falls. Jina hilo ni la msafiri Joseph Thomson, si la huyu William, msije mkachanganya. Kimo chake ni kama mita 70. Basi kila kilo inapata jouli 700. Gawanya kwa 4,200, unapata moja ya sita ya digrii, na hiyo ni iwapo nishati yote itageuka joto la maji bila hewa kuingilia. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuoga chini ya maporomoko akaona maji yamechemka.

Kinyume chake ndicho kinachonishangaza mimi zaidi. Kuchukua lita 1 ya maji yenye digrii 20 na kuyafikisha digrii 100 kwa ajili ya chai kunahitaji 4,200 × 80, yaani jouli 336,000. Nishati hiyo ingetosha kuinua gunia la mahindi la kilo 90 hadi kimo cha mita 373. Gunia zima, juu kuliko jengo lolote la Nairobi, kwa birika moja la chai! Joto lina nishati nyingi iliyojificha kimyakimya, nasi hatukuwa na njia ya kujua mpaka mtu alipoweka birika na gunia katika mlingano mmoja.

Maisha hayakumwendea Joule kwa raha siku zote. Mwaka wa 1854 mkewe Amelia alifariki dunia, na mtoto mchanga wa kiume naye akafa mwaka huo. Joule alibaki na watoto wawili wadogo, hakuoa tena. Wakati huohuo kiwanda cha familia kiliuzwa. Mtu huyu aliyekuwa na haya toka utotoni alizidi kujitenga, lakini kazi hakuiacha.

Heshima nayo ilikuja, japo kwa mwendo wa kobe. Royal Society ile ile iliyomkataa ilimpokea kuwa mwanachama mwaka wa 1850, ikamtunuku nishani ya Royal mwaka wa 1852 na nishani yake kubwa kuliko zote, ya Copley, mwaka wa 1870. Mali yake ilipopungua uzeeni, serikali ilimpa malipo ya pauni 200 kwa mwaka kuanzia mwaka wa 1878. Mwaka huohuo, akiwa karibu miaka 60, alichapisha kipimo chake cha mwisho cha namba ile. Alipata 772.55. Miaka zaidi ya thelathini, na bado mzee alikuwa akisafisha nukta za desimali.

Joule alifariki tarehe 11 Oktoba mwaka wa 1889 nyumbani kwake Sale, karibu na Manchester. Wiki chache kabla yake, mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa umeme uliokaa Paris ulikubali jina lake liwe jina la kipimo cha nishati. Na mwaka wa 1948 mataifa yalikubaliana kwamba joto nalo lipimwe kwa jouli, badala ya kalori. Yaani joto na kazi vipimwe kwa kipimo kimoja, jambo lile lile alilolisema Cork watu wakanyamaza. Juu ya jiwe la kaburi lake imechongwa namba 772.55. Wengine huchongewa vyeo. Yeye alichongewa jibu la hesabu.

Sasa tunajifunza nini, wenzangu? La kwanza ni la fizikia. Ishara ya usawa katika mlingano si pambo. Unapoandika kwamba kazi upande huu ni sawa na joto upande ule, unatoa madai mazito juu ya dunia, madai ambayo mtu alikesha nayo miaka mingi kabla hujaruhusiwa kuyaandika kwa nusu dakika. Na madai hayo yanawezekana kwa sababu pande zote mbili ni skala. Mizigo ilishuka kwenda chini, kamba zilivuta kulia na kushoto, makasia yalizunguka, maji yalivurugika kila upande. Mwishoni kilichobaki ni maji yaliyopata joto kidogo, yasiyokumbuka upande wowote. Mwelekeo wote ulipotea, kiasi hakikupotea. Basi ukiulizwa katika mtihani kwa nini nishati ni skala, usijibu tu kwamba mwalimu amesema. Kikumbuke chombo cha shaba.

La pili ni la maisha. Miongoni mwetu wako walio wanyonge wa mwili, wako wenye haya ya kunyosha mkono darasani, wako wanaodhani kwamba sayansi ni ya watoto wa shule kubwa zenye maabara za kung'aa. Joule hakuwa na cheti. Kwa hakika alikuwa na mali ya baba yake na mwalimu bora, tusimfanye maskini asiyekuwa. Lakini mali haikumnunulia masikio ya watu, kilichomnunulia ni namba zake. Alijibu kimya cha watu kwa kurudi kupima tena vizuri zaidi, hadi kimya kikavunjika chenyewe.

La tatu nawaambia walimu wetu kwa heshima na taadhima. Ukumbini Oxford alitosha mtu mmoja aliyeuliza swali ili kazi ya miaka isizikwe. Na sisi wanafunzi katika mijadala yetu tujifunze kuwa kama kijana Thomson, tusikilize hata jambo lisilolingana na tulilofundishwa, kisha tuliulize maswali.

Hapa naiweka kalamu yangu chini. Mvumilivu hula mbivu, na Joule alizila akiwa na mvi kichwani. Tukijaliwa tuonane katika toleo lijalo. Wasalaam.